Mali Ikishauzwa Hairudi

Kibao bado ninacho, nyuma ya friji,
mwandiko wangu mwenyewe, rangi nyekundu ya mafuta:
MALI IKISHAUZWA HAIRUDI.
Kiarabu juu, Kiswahili chini,
maana nusu ya wateja wangu pale Ruwi
walikuwa wana wa kina mama waliokulia Unguja na Pemba,
na sikutaka yeyote aseme hakuelewa.

Miaka kumi na minne niliuza michezo ya diski.
Saa saba mchana nafunga, nakula, nalala.
Saa kumi nafungua, nakuta alama za viganja
kwenye kioo, vidogo, vyenye jasho la Julai.
Sikujiuliza walisimama muda gani.

Mtu akija na diski yenye mkwaruzo
nilimnyooshea kidole kibaoni.
Akiuliza, "Mjomba, huu mzuri?"
yote ilikuwa mizuri,
hata ule wa mbio za ngamia
ambao ngamia alizama mchangani mpaka shingo
kisha kila kitu kikaganda.
Huo niliuza nakala thelathini na sita.

Moja alinunua Muzna, mtoto wa dada yangu,
ana miaka kumi na moja. Riali nne na nusu,
pesa za Idi. Kesho yake akarudi nayo.
Nikamwonyesha kibao.

Leo ana duka lisilo na mlango.
Chumba kimoja Mabela, kiyoyozi kinakohoa,
yeye na Yaarub aliyeacha kazi benki,
na birika la karaki lisilopata nafasi ya kupoa.
Duka kaliita Kibaraza.
Ukiingia unaona nani yumo, anacheza nini,
unamgusa bega kwa kidole cha simu:
twende?

Watu huniuliza siri yake, kwa kuwa kazi naijua.
Wanadhani ni bei.
Kweli, mishahara ikishuka naye hushusha,
na mchezo ulioumezea mate tangu Rajabu
unakuletea salamu wenyewe: nimefika baisa mia tisa, njoo.
Lakini bei hata mimi nilishusha, mwaka ule wa mwisho,
nikabaki na Biju fundi saa wa duka la pili
tukitazamana kwenye kioo.

Chini ya kila mchezo wachezaji wanaandika watakalo.
Mmoja wa Sohar kaandika, "Takataka. Usinunue."
Muzna kaliacha neno hilo hapo hapo, dukani mwake,
wiki ya tatu sasa.
Nikampigia kumwonya.
"Mjomba," akasema, "huyo ndiye anayeniuzia mingine yote."

Mali bila daftari, walisema, huisha bila habari.
Daftari langu liliandika ninaowadai.
Lake linaandika walicho nacho wao.
Simu ya Shamsa wa Nizwa ilitumbukia falajini;
akanunua nyingine, akaingia,
akakuta michezo yake yote,
hata bustani aliyoiacha imemwagiliwa nusu.

Juzi usiku wa manane, peke yangu,
nilinunua kwake mchezo wa mbio za ngamia.
Mpya, wa watengenezaji wengine.
Nikacheza dakika ishirini. Ngamia hakuzama.
Nikauma midomo, nikaurudisha.
Sababu? likauliza duka.
Nikaandika: Basi tu.

Kabla ya adhana ya alfajiri riali mbili zilikuwa zimerudi,
na chini yake mstari mmoja,
sijui wa mashine, sijui wa kwake:
"Hamna neno. Karibu tena."

Nikaketi jikoni, karibu na friji, nikipiga hesabu.
Thelathini na sita mara nne na nusu:
riali mia moja sitini na mbili.
Maji ya chai hayajachemka bado
nikarudi Kibarazani,
nikaununua tena.